Usumba Ndani ya Zege

Siku za bamvua, bahari ya Kibuyuni inapojivuta mbali na kuacha wazi uwanda wa mchanga na tope, akina mama wa kijiji hushuka na kamba zao mabegani, wakainama baina ya mambo yaliyokitwa chini, wakafunga mwani kishada baada ya kishada kwa mafundo madogo yasiyohesabika, mpaka shamba zima likawa kama jamvi lililotandikwa chini ya maji. Kamba ile haiizuii bahari. Mawimbi hupita kama yapitavyo siku zote. Kazi yake ni kwamba wimbi likishapita, kila kishada kiwe kingali mahali pake. Nimeanza na kamba hiyo kwa makusudi, kwa kuwa jambo lililonipeleka Kibuyuni, nalo ni zege jepesi lililotiwa nyuzi, halieleweki sawasawa mpaka mtu aifahamu tofauti iliyopo baina ya kuzuia pigo na kuzuia mtawanyiko.

Nilimkuta mzee mmoja, fundi wa uashi aliyejenga nyumba za mawe tangu ujana wake kutoka Msambweni hata Vanga, ameketi kivulini nyuma ya nyumba yake, na mbele yake pana vibao vinne vya zege, kila kimoja urefu wa dhiraa, upana wa kiganja na unene wa vidole viwili. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanisogezea kibago. Vibao vile alikuwa amevimimina siku 28 kabla, muda ambao waashi na wahandisi wa dunia nzima wameafikiana kuwa ndio wa kulipima zege, na siku zote hizo alikuwa akivifunika kwa magunia na kuyanywesha maji asubuhi na jioni. Kokoto yake ilikuwa vipande vya mawe ya matumbawe yaliyosalia machimboni, mchanga wake wa bara uliooshwa, na saruji ya dukani. Kibao cha kwanza hakikuwa na kitu zaidi ya hivyo. Vitatu vilivyobaki vilikuwa na usumba.

Usumba ule haukutoka mbali. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi kadhaa, kama walivyofanya wasokotaji wa kamba tangu zamani, maji ya chumvi yakaozesha nyama ya kumbi na kuuacha uzi. Kisha yakafukuliwa, yakapigwa kwa gongo, yakasuguliwa na kuoshwa kwa maji baridi ya kisima mara tatu. Kuosha huko si anasa. Uzi wa nazi usiooshwa hubeba sukari na maji ya kumbi yenye kuichelewesha saruji isikamate, tena hubeba chumvi, ambayo ni adui wa kila chuma kitakachokuwa jirani. Baada ya kukauka, mzee aliukata kwa kisu vipande vifupi, akaulowesha tena usije ukanywa maji ya zege, akauchambua kwa vidole ndani ya mchanganyiko, kidogo kidogo, kwa subira ya mtu apepetaye mchele.

Akakiweka kibao cha kwanza juu ya mawe mawili, akatwaa jiwe la nanga ya ngalawa, akaliinua usawa wa goti, akaliachia katikati ya kibao. Pigo la kwanza halikuonyesha kitu. La pili lilikigawa kibao vipande viwili kwa sauti kavu, na kila kipande kikaruka upande wake. Kikaja cha usumba. Pigo la kwanza, la pili. La tatu likaacha ufa mwembamba kama unywele upande wa chini. Nilidhani kazi imekwisha. Akaendelea kuliinua jiwe na kuliachia, ufa ukapanuka, kibao kikalegea na kupinda katikati kama jahazi kuukuu, na lilipofika pigo la kumi na moja kilikuwa kingali kipande kimoja, nyuzi zake zikionekana ndani ya ufa, nyekundu nyekundu, zimekaza kutoka ukingo mmoja hata wa pili.

"Sasa niambie, mwanangu," akasema huku akilitua jiwe, "kipi kilikuwa na nguvu?"

Swali lile ndilo linalowachanganya watu wengi, wakiwemo wauzao nyuzi za viwandani kwa kuahidi kwamba zitalifanya zege "liwe na nguvu maradufu." Neno nguvu limebeba maana nyingi kupita kiasi. Zege lina nguvu ya kustahimili mgandamizo, yaani uzito unaolikandamiza kutoka juu. Lina nguvu ya kustahimili mvuto, ambayo kwa kawaida ni karibu sehemu moja katika kumi ya ile ya kwanza. Lina nguvu ya kupinda, ya kukatwa, ya kupigwa kwa ghafla. Na juu ya hizo kuna tabia moja ambayo Kiswahili kinayo neno zuri kwa ajili yake, nayo ni ustahamilivu, yaani yale yafanywayo na kitu baada ya kuumia. Nyuzi hazizigawii nguvu hizi kwa usawa. Katika mgandamizo, ambao ndio unaoandikwa katika mikataba na kupimwa katika maabara kwa kuponda vipande vya mchemraba, mchango wake ni mdogo: mara huongeza kidogo, mara haziongezi kitu, na zikizidi hupunguza, kwa sababu kila rundo la nyuzi huingia na hewa yake na kuacha matundu. Katika kupinda na kuvutwa faida huonekana wazi. Katika kupigwa, na katika kushikamana baada ya ufa, faida huwa kubwa kiasi cha kukibadili kitu tabia.

Sababu yake mtu aweza kuipima kwa rula. Ukiuvuta mhimili wa zege wenye urefu wa mita 1, utapasuka kabla haujarefuka zaidi ya sehemu moja au mbili katika kumi za milimita. Usumba wa urefu uo huo huweza kuvutwa ukarefuka kwa sentimita 15, na zaidi, ndipo ukakatika. Maana yake ni kwamba wakati zege linapofika ukomo wake na kupasuka, uzi uliomo ndani haujaanza hata kuhisi kazi. Uzi haukuwapo vitani mpaka hapo. Ufa ukishafunguka ndipo unapokazwa, ukawa daraja baina ya kingo mbili, ukaupunguza mwendo wa ufa na kuulazimisha utafute njia nyingine. Na kadiri ufa unavyotaka kupanuka, uzi huchomoka polepole kwa kujisugua na zege, na msuguano huo ndio unaokula ile nguvu ya pigo ambayo katika kibao cha kwanza ilitumika kurusha vipande. Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Marekani, James Romualdi na Gordon Batson, walionyesha kwa hesabu na kwa majaribio jinsi nyaya zilizokaribiana zinavyozuia ufa usikimbie. Mzee wangu wa Kibuyuni, ambaye hakuwasoma, aliieleza kazi ya nyuzi kwa maneno ambayo sijayasikia bora zaidi: "Usumba haukuzuia ufa, mwanangu. Umezuia ufa usikimbie."

Haya yote ni kweli kwa kila zege, lakini katika zege jepesi ni kweli zaidi. Zege la kawaida, lenye kokoto za mwamba mgumu, huwa na uzito wa karibu kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo. Jepesi ni lile lisilozidi kilo 2,000 hivi, nalo hupatikana kwa kutia kokoto zenye vitundu ndani yake: mawe ya volkano yaeleayo majini, udongo uliochomwa ukaumuka, vifuu vya nazi vilivyovunjwa, au matumbawe. Katika zege zito kokoto ni ngumu kuliko saruji iliyokauka, kwa hiyo ufa unapokuja hulazimika kuzunguka kila jiwe, ukapinda huku na huku na kuchoka njiani. Katika zege jepesi kokoto ndiyo iliyo dhaifu, na ufa hupita katikati yake moja kwa moja kama kisu kipitavyo papai. Ndiyo maana zege jepesi, hata lifikie kile kiwango cha megapaskali 17 ambacho wahandisi wa Marekani wamekiweka kuwa cha chini kabisa kwa kazi za kubeba jengo, bado hupasuka kwa ghafla kuliko zege zito la nguvu ile ile. Kasoro yake ndiyo hasa dawa ya nyuzi. Mtu aliye na zege zito na nondo nyingi aweza kuishi bila nyuzi; mwenye zege jepesi na jembamba anazihitaji.

Wala watu wa pwani hii si wageni wa zege jepesi. Msikiti wa Kongo kule Diani, ulioko chini ya mibuyu penye mlango wa mto Mwachema, na magofu ya miji ya mawe kutoka Lamu hata Kilwa, yote yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Na dari za nyumba za kale zilikuwa vipande vya matumbawe vilivyopangwa juu ya boriti, kisha vikamiminiwa mchanganyiko wa chokaa na mawe madogo, ukashindiliwa. Husuni Kubwa ya Kilwa, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, ilikuwa na makuba na matao ya mchanganyiko huo. Warumi walilijua jambo hili kabla yao: kuba la hekalu la Pantheon, lenye upana wa mita 43, lilitiwa mawe mepesi zaidi kadiri lilivyopanda, na lingali limesimama baada ya karibu miaka 1,900, likiwa na nyufa zake. Lakini mafundi wa pwani walikuwa na mpaka wao, nao ulikuwa urefu wa boriti. Mkoko haubebi dari ya mawe kwa upana unaozidi mita 3, wala hata kuufikia aghalabu, na kwa hiyo vyumba vya majumba ya kale, hata ya matajiri, vilikuwa virefu na vyembamba kama korido. Walikuwa na zege jepesi lenye kustahimili kukandamizwa. Hawakuwa na kitu ndani yake cha kulishika linapovutwa.

Na hapa ndipo ninapostaajabu, kwa sababu kitu hicho kilikuwa mikononi mwao. Mitepe, vile vyombo vya kushonwa ambavyo watu wa pwani ya Lamu waliendelea kuviunda mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, haikuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, na sifa yake kuu ilikuwa kwamba kilipogonga mwamba chombo kilijinyonga na kurudi badala ya kupasuka. Watu waliojua kwamba uzi wa nazi huufanya mti ustahimili pigo la bahari waliishi katika nyumba ambazo zege lake halikuwa na uzi, na kazi hizo mbili, ya seremala wa vyombo na ya mwashi, zilipita karne nyingi katika mji mmoja bila kuazimana siri. Silaumu, natamani tu kwamba zingekutana.

Usumba si uzi pekee. Uko wa chuma, ambao ni mkali kuliko zote katika kuongeza nguvu ya kupinda, lakini asilimia 1 yake kwa ujazo huongeza karibu kilo 78 katika kila mita ya ujazo, na mwenye kutafuta wepesi huona anarudishiwa kwa mkono wa kushoto uzito alioutoa kwa mkono wa kulia. Uko wa plastiki, polipropilini, ambayo pia ndiyo itumikayo kusokotea kamba nyingi za baharini zama hizi. Huo ni mwepesi kuliko maji, hauozi, na hata gramu 900 kwa mita ya ujazo hutosha kupunguza zile nyufa ndogo zinazotokea zege linapokauka haraka juani, tena katika moto huyeyuka na kuacha vijia vya kutolea mvuke usije ukalipasua zege kutoka ndani. Uko wa katani, ambao majirani zetu wa Tanga waliujua tangu Richard Hindorf alipouleta mmea wake mwaka 1893, na ambao Kenya huupata Vipingo na Taita; huo una nguvu ya kuvutwa mara nyingi kuushinda usumba, ila haurefuki sana kama usumba. Usumba ni dhaifu kuliko ndugu zake hawa wote, lakini huvumilia kurefuka kuliko chuma na katani, na ndio uliopo nyuma ya kila nyumba kutoka Diani hata mpakani.

Kiasi ni jambo la kuhadhari. Nimewaona mafundi wakitia nyuzi kwa kukisia, kama pilipili, wakidhani zikizidi ndipo faida izidi. Karibu asilimia 1 ya ujazo, ambayo kwa usumba ni kama kilo 12 kwa mita ya ujazo, ni mpaka wa busara kwa mchanganyiko wa mkono. Kupita hapo nyuzi hujikusanya mafundo, zege likawa gumu kumiminika, na fundi, akitaka kuliregeza, akaongeza maji. Maji hayo ndiyo maangamizi. Nguvu yote iliyopatikana kwa uzi hurudi kupotea kwa ndoo moja ya maji isiyohitajika. Urefu nao una kadiri yake: uzi mfupi mno huchomoka kabla haujafanya kazi, na mrefu mno hujisokota, sentimita 2 hadi 5 ndio urefu unaofaa.

Sasa nifike penye ugumu wa kweli, ambao kwa maoni yangu haujasemwa vya kutosha mbele ya watu wa kawaida. Uzi wa mmea uliomo ndani ya saruji umewekwa katika makao mabaya. Maji yaliyomo ndani ya vitundu vya zege ni makali kwa chokaa, na chokaa hiyo huula uzi. Mwaka 1983 Mswidi Hans-Erik Gram alichapisha Stockholm utafiti wake juu ya udumifu wa nyuzi za asili ndani ya zege, akaeleza kwamba uzi wa katani ni fungu la seli ndogo zilizogandishwa pamoja kwa lignini na vitu mfano wake, na kwamba ukali wa chokaa huyeyusha gundi hiyo, ukaacha seli moja moja zisizoshikana; baadaye chokaa yenyewe huingia ndani ya uzi ikakauka humo, na uzi ukawa mkavu wenye kukatika kama kijiti. Hivyo ndivyo yalivyopatwa mapaa ya zege la katani yaliyoezekwa katika nchi kadhaa za joto katika miaka ya 1970 na 1980: yalitoka kiwandani yakiwa mastahamilivu, na baada ya misimu michache ya jua na mvua yakawa yanavunjika kama sahani. Ndipo wengi wakaacha vipande vikubwa wakafanya vigae vidogo, ambavyo vilifika pia Kenya, na ambavyo uzi wake una kazi ya kuvilinda siku za mwanzo tu, vinapobebwa na kuezekwa.

Dawa alizozipendekeza Gram na waliomfuata hazikuwa za kigeni kwa sisi tulio hapa. Ya kwanza ni kupunguza ukali wenyewe, kwa kuitoa sehemu ya saruji na kuweka mahali pake unga wenye kuila chokaa: majivu ya makapi ya mpunga, na mpunga unalimwa Vanga, majivu ya makapi ya miwa, na miwa inalimwa Ramisi, au unga wa udongo uliochomwa, kama vigae vya chungu vilivyosagwa. Ya pili ni kuchagua uzi wenye lignini ya namna yenye kustahimili. Hapa usumba dhaifu hulipiza kisasi chake, kwa kuwa lignini yake ni nyingi mno, mara tatu au nne ya ile ya katani, na majaribio ya kuzilowesha nyuzi katika maji ya chokaa yameuonyesha ukidumisha sehemu kubwa ya nguvu yake wakati wenzake wamekwisha kuoza. Dhaifu mwenye kudumu, katika nchi ya joto na unyevu wa bahari, ana thamani kuliko hodari wa mwaka mmoja.

Niongeze neno juu ya chumvi, kwa ajili ya wajenzi wa ukanda huu. Kokoto ya matumbawe iliyochukuliwa karibu na bahari hubeba chumvi, na chumvi huozesha nondo. Kutu huvimba, zege likabanduka, na kila mtu wa Shimoni au Gazi ameona nguzo zilizofunuka chuma chake kama mbavu. Usumba na plastiki havina kutu. Lakini nasema kwa mkazo: nyuzi hazichukui nafasi ya nondo katika boriti, nguzo wala dari inayobeba watu. Nimewahi kukiona kifuniko cha shimo la choo, cha zege jepesi lisilo na nondo wala uzi, kilichogawanyika chini ya mguu wa mtoto, naye akaokolewa na nduguye aliyemdaka mkono. Kifuniko kama kile kilihitaji vyote viwili. Mahali pa nyuzi peke yake ni vibao vya kugawia vyumba, vigae, kingo za mitaro, matofali matupu, sakafu iliyolala juu ya ardhi. Na kokoto ya matumbawe itoke katika machimbo ya bara, katika mwamba wa kale ambao bahari iliuacha zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Yaliyo hai baharini ni nyumba ya samaki na ngao ya mashamba ya mwani, wala hakuna jengo linalostahili kujengwa kwa hayo.

Kabla sijaondoka nilimuuliza mzee juu ya vibao viwili visivyopigwa. Kimoja kilikuwa cha usumba na saruji tupu. Cha pili, ambacho rangi yake ilielekea uwekundu, sehemu moja katika nne ya saruji yake ilikuwa imetolewa, na badala yake umetiwa unga wa vigae vya mtungi aliousaga na kuupitisha katika chekecheke. Akavichukua vyote viwili mpaka ufuoni, pale ambapo maji hupanda na kushuka kila siku, akavizika nusu yake katika mchanga na nusu akaiacha wazi, akakita kijiti cha mkoko baina yake kuwa alama. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na akina mama walikuwa wanarudi na magunia ya mwani vichwani. "Masika mawili," akaniambia. "Yakipita, uje na lile jiwe tulipige tena."